Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja aliyefanya viwanja viimbe

Msikilizaji, kama wewe ni mpenzi wa mpira, huenda umeshausikia mdundo huu: miguu chini mara mbili, kofi mara moja, kimya kidogo, kisha unarudiwa. Mdundo huo umetoka kwenye wimbo wa mwaka 1977 wa bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Mwimbaji wake kiongozi alizaliwa pwani yetu hii, Unguja. Leo tunakuletea maisha yake.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu wa asili ya India wanaofuata dini ya Zoroasta, dini kongwe iliyoanzia Uajemi. Baba yake alikuwa keshia katika serikali ya wakoloni wa Kiingereza.

Akiwa mtoto wa miaka minane hivi, alipelekwa India kusoma shule ya bweni katika mji wa Panchgani. Huko alijifunza piano, na alipofika miaka 12 yeye na wenzake walianzisha bendi ya shule. Wenzake ndio walioanza kumwita Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963, akiwa kijana. Haukupita muda mrefu yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na familia yake ikahamia Uingereza. Wakaanza maisha upya Feltham, pembezoni mwa London.

Freddie hakufika Uingereza akawa nyota siku ya pili. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Ili apate fedha ya kujikimu, aliwahi kupakia mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Heathrow, na aliwahi kuuza nguo sokoni Kensington. Jioni aliimba katika bendi ndogo ndogo ambazo hazikudumu.

Mwaka 1970 aliungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor. Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen, yaani Malkia, na wakati huo huo akajiita Mercury. Mwaka 1971 akaongezeka mpiga besi John Deacon, na wanne hao hawakubadilika hadi mwisho wa uhai wake. Gitaa la May alilitengeneza mwenyewe nyumbani akisaidiwa na baba yake, na shingo yake waliichonga kutoka kwenye ubao wa mahali pa kuotea moto. Gitaa hilo ndilo lililosikika dunia nzima.

Muziki wao ni roki: magitaa ya umeme, ngoma nzito na sauti za juu. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973 na haikuuza sana. Walizunguka miji wakiwa bendi ya kufungua jukwaa, yaani wanapiga kwanza kuwachangamsha watu kabla ya bendi kubwa kupanda. Mwaka 1975 Freddie aliandika Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita. Wengi waliona ni mrefu mno kuchezwa redioni. Wasikilizaji waliupenda, na ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Lakini nguvu kubwa ya bendi hii ilikuwa jukwaani. Usiku mmoja wa mwaka 1977, baada ya onyesho, watu hawakutaka kuondoka. Walianza kuwaimbia wanamuziki. May aliona kwamba hadhira nayo ni sehemu ya bendi, akatunga ule wimbo wa miguu na makofi. Watu waliobanana uwanjani hawawezi kufanya mengi, ila miguu na mikono wanayo.

Sisi wa pwani hili si geni kwetu. Katika ngoma zetu kuna anayeanzisha na kuna wanaoitikia, na ngoma isiyo na waitikiaji hailiki. Freddie alifanya hivyo hivyo, isipokuwa waitikiaji wake walijaza viwanja. Alishika kipande cha juu tu cha nguzo ya maikrofoni, anatoa sauti fupi isiyo na maneno, anasubiri, na umati unairudisha kama alivyoitoa. Mwaka 1981 mjini São Paulo, Brazil, zaidi ya watu 130,000 walifika kwa usiku mmoja. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unachukua 60,000. Wengi kati yao hawakujua Kiingereza, lakini waliimba.

Sauti yenye nguvu kiasi hicho ina wajibu wa kuchagua inakokwenda, na hapo Queen walikosea. Oktoba 1984 walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ingawa Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Wao walijitetea kwamba si wanasiasa. Kwa mkoa wetu wa Lindi, utetezi huo haukubaliki kirahisi. Nachingwea ilikuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Watanzania walijinyima mengi ili kusini mwa Afrika iwe huru. Mzaliwa wa Zanzibar kuimba chini ya utawala ule ni doa, na mapenzi ya muziki wake hayalifuti.

Mwaka uliofuata sauti hiyo hiyo ilifanya kazi nyingine. Tarehe 13 Julai 1985 lilifanyika tamasha la Live Aid, Uingereza na Marekani kwa siku moja, kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Inakadiriwa watu zaidi ya bilioni moja walitazama kwenye televisheni. Queen walipewa dakika kama 20 katika uwanja wa Wembley. Freddie aliwashika watu 72,000 kwa makofi na kuitikia, na wengi hadi leo wanalihesabu kuwa onyesho bora kuliko yote ya siku ile.

Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Baadaye aligundulika kuwa na UKIMWI. Aliendelea kurekodi nyimbo huku mwili ukidhoofika, na kwa miaka kadhaa hakuwaambia watu. Novemba 23, 1991 alitoa taarifa kwa umma kwamba anaumwa ugonjwa huo. Kesho yake jioni alifariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya Kizoroasta ya wazazi wake, na mwili wake ukachomwa.

Aprili 1992 wenzake waliandaa tamasha la kumkumbuka Wembley, na fedha zake zikaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI duniani.

Wakati anakufa, hapakuwa na dawa za kutosha kukizuia kirusi. Mchanganyiko wa dawa unaofanya kazi vizuri ulianza kutumika mwaka 1996, miaka mitano tu baada yake. Hapa Tanzania dawa za ARV zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Leo mwenye virusi anayepima mapema na kumeza dawa kila siku anaweza kulima, kuvua, kulea watoto na kuzeeka. Freddie hakuipata nafasi hiyo. Wewe msikilizaji unayo, katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Ukifika Unguja, Mji Mkongwe, eneo la Shangani kuna makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2019.