Hayati Mzee Kenyatta na Neno "Sisi"

Mara nyingi mwalimu akisahihisha insha zetu huandika kwa wino mwekundu kwamba aya hazishikamani. Mshikamano wa maneno ni kama kamba: viwakilishi, viunganishi, na neno linalorudiwarudiwa mpaka msikilizaji anaongozwa bila kujua. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyezijua sana kamba hizo, na aliyezitumia papa hapa Nakuru.

Hayati Mzee Jomo Kenyatta alizaliwa sehemu za Gatundu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Alisoma misheni ya Thogoto, akabatizwa Johnstone mwaka wa 1914. Kazi ya maneno aliianza mapema, kwani mwaka wa 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Kikuyu lililoitwa Muigwithania, yaani mpatanishi. Baadaye aliishi Uingereza miaka mingi, akasoma chuo kikuu mjini London, akarudi nyumbani 1946. Mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha KAU. Oktoba 1952 alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria, akafungwa miaka 7. Aliachiliwa Agosti 1961.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu na uhuru umebakisha miezi 4, aliingia katika ukumbi wa mji wa Nakuru. Mbele yake waliketi mamia ya walowezi wenye mashamba. Wengi walimwogopa kama simba, na wengine walikuwa wameshaanza kufunga mizigo. Alizungumza Kiingereza. Aliwaeleza kwamba ikiwa yeye amewakosea, wao ndio wa kumsamehe, na ikiwa wao wamemkosea, yeye ndiye wa kuwasamehe. Tazama, sentensi ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa! Kiswahili kingefunga mambo hayo yote kwa kiambishi kimoja tu, -an-: kusameheana. Kutoka hapo, "mimi" na "ninyi" zikayeyuka, ikabaki "sisi". Akawaomba wakae, walime. Kufikia mwisho walowezi walipiga makofi, nao wakaitikia Harambee pamoja naye.

Lakini kamba ifungayo mzigo ndiyo ifungayo mtu. Tarehe 25 Oktoba 1969, Kenyatta, wakati huo akiwa Rais, alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha KPU, alikuwepo. Mara hii Mzee alisema kwa Kiswahili, na viwakilishi vikapangwa upya: "sisi" upande huu, "wewe" na "ninyi" upande ule, na vitisho vikirudiwarudiwa. Ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Kisarufi, hotuba hiyo nayo ilishikamana barabara. Watu ndio waliotengana.

Hata ile "sisi" ya Nakuru naiuliza swali. Mkutano ule ulikuwa wa wenye mashamba. Je, maskwota waliolima mashamba hayo hayo walikuwa ndani ya neno lile? Mabwana waliposameheana, swali la ardhi lilibaki mlangoni. Ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea mapigano ya Molo mwaka wa 1992, na yale ya Nakuru na Naivasha Januari 2008. Wazazi wetu wanayakumbuka vizuri sana.

Mzee Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Simdharau hata kidogo. Kuwatuliza watu waliokuogopa kwa hotuba moja tu si mchezo, bwana! Lakini mshikamano wa maneno ni kitu kimoja, na mshikamano wa wananchi ni kitu kingine.

Kwa hivyo, wenzangu, mkutano wa siasa ukija mtaani kwenu, nendeni na masikio ya somo la Kiswahili. Mheshimiwa akisema "sisi", msikimbilie kupiga makofi. Kwanza hesabuni ni nani yumo, na nani ameachwa nje. Kalamu yangu naitua hapa.