Joe Barrett, Beki wa Kerry

Wengi wenu mwanijua kwa miguu yangu kuliko kwa kalamu yangu, maana tangu nilipokuwa Kidato cha Pili nacheza beki wa kati katika timu ya bweni letu. Beki hasifiwi. Fowadi akitia goli moja hubebwa mabegani mpaka bwalo la chakula, lakini beki akiokoa kumi na kukosa moja, usiku ule bweni zima huzungumza ile moja. Ndiyo sababu nilipokuta maktabani habari za beki mmoja wa Ayalandi, jina lake Joe Barrett, nilikaa nazo hata kengele ya kulala ikanikuta. Mtu huyu alikufa zamani, mwaka 1952, lakini huko kwao hajasahauliwa.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu si huu tuuchezao sisi. Ni mpira wa Kigaeli, mchezo wa asili wa watu wa Ayalandi, nao unasimamiwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1884. Kila upande una watu 15. Mpira ni wa mviringo kama wetu, ila mdogo kidogo, na mchezaji ana ruhusa kuudaka kwa mikono na kuupiga kwa mguu au kwa ngumi. Milingoti ya goli ni mirefu, inapita juu ya mwamba. Mpira ukipita chini ya mwamba ukaingia wavuni ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti, zamani za Barrett ilikuwa pointi moja. Tena wachezaji hawalipwi mshahara, na hawanunuliwi kutoka timu hata timu. Kila mtu huchezea jimbo lake, na majimbo ya kisiwa kile ni 32. Bingwa wa majimbo yote hujulikana katika fainali inayochezwa Croke Park, katika mji wa Dublin.

Sasa, beki wa kati katika mchezo huo, zamani za Barrett, alikuwa na kazi nzito kuliko yangu. Sheria za siku zile ziliwaruhusu mafowadi kumwendea golikipa kwa bega na kumwangusha pamoja na mpira wake. Kwa hiyo beki alisimama mbele ya goli kama mlango. Ilimpasa kuruka na kuudaka mpira wa juu katikati ya mikono ya watu, na hapo hapo kuwazuia kwa kifua waliokuja kumvunja golikipa. Asiyekuwa na nguvu hakufaa, na mwenye nguvu asiyekuwa na utulivu hakufaa vile vile. Barrett alikuwa na vyote viwili.

Alizaliwa mwaka 1902 katika mji wa Tralee, ulio mkubwa kuliko miji yote ya jimbo la Kerry, kusini-magharibi ya Ayalandi, karibu na bahari ya Atlantiki. Katika mji ule kila mtaa ulikuwa na timu yake. Barrett alikuwa mtu wa mtaa wa Rock Street. Tangu utoto wake mambo mawili yalizungumzwa sana pale: mpira, na uhuru wa nchi kutoka kwa Waingereza.

Vita vya uhuru vilipiganwa kutoka mwaka 1919 hata 1921. Kisha, Desemba 1921, viongozi wa Ayalandi walitia sahihi mkataba na Serikali ya Uingereza, na mkataba huo ndio uliowagawa watu. Wengine walisema: tuupokee, ni hatua ya kwanza. Wengine walisema: huu si uhuru tuliouapia. Basi watu waliolala pamoja vichakani wakimwinda adui mmoja wakaanza kuwindana wenyewe. Vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Juni 1922 vikaisha Mei 1923, na hakuna jimbo lililoona ubaya kuliko Kerry. Tarehe 6 Machi 1923, huko Knocknagoshel, askari watano wa Serikali mpya waliuawa kwa bomu la kutegwa. Siku iliyofuata, mahali paitwapo Ballyseedy, si mbali na Tralee, askari wa Serikali waliwafunga wafungwa tisa pamoja kando ya bomu, wakalilipua. Wanane walikufa, na mmoja alirushwa mbali akapona.

Nimeandika habari hizo, ingawa si za mpira, kwa sababu asiyezijua hawezi kupima jambo alilolifanya Barrett baadaye. Yeye alikuwa upande wa waliokataa mkataba, akakamatwa na kutiwa kizuizini. Na upande wa pili, ndani ya jeshi la Serikali, alikuwako mchezaji mwingine hodari wa Kerry, Con Brosnan wa kijiji cha Newtownsandes, mwenye cheo cha kapteni. Zamani walikuwa na adui mmoja, sasa mmoja alikuwa mfungwa wa jeshi la mwenziwe.

Wafungwa walipofunguliwa, walirudi Kerry wakiwa na uchungu mwingi, na kazi zilikuwa haba. Lakini mapema mwaka 1924 walikusanya timu yao, wakacheza Tralee na timu iliyokuwa ikilichezea jimbo. Katika mashindano hayo ndimo timu mpya ya Kerry ilimochaguliwa, watu wa pande zote mbili wakiwa ndani yake. Msidhani kwamba walikuwa wamekwisha patana. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, Kerry walikataa kwenda kucheza fainali na Dublin kwa sababu baadhi ya wafungwa, pamoja na Austin Stack, kiongozi wao aliyekuwa zamani nahodha wa Kerry, walikuwa bado gerezani. Fainali ile ilichezwa Septemba, na Dublin walishinda.

Iko habari moja inayosimuliwa sana huko, nami naipenda. John Joe Sheehy, fowadi wa Tralee, alikuwa mkuu wa wapiganaji waliokataa mkataba, na hata baada ya vita alikuwa bado akitafutwa. Yasemekana kwamba siku za mchezo alijichanganya na watazamaji, kisha akavua koti, akaingia uwanjani, akacheza, na filimbi ya mwisho ilipolia akapotea tena katika umati. Na aliyemtengenezea njia ya salama asikamatwe ni Con Brosnan, kapteni wa jeshi lililokuwa likimtafuta! Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, lakini niliposoma mara ya pili sikucheka.

Fainali ya mwaka 1924 ilichelewa mpaka Aprili 1925. Kerry walipata pointi 4, Dublin 3, na Barrett akapata medali yake ya kwanza. Ya pili aliipata mwaka 1926, Kildare waliposhindwa katika mchezo wa marudio. Kisha Kerry wakachukua ubingwa miaka minne mfululizo, 1929, 1930, 1931 na 1932, na Barrett akapata medali zote. Jumla sita. Katika mchezo wa mwaka 1930 Monaghan walipata pointi 2 tu, wala hawakutia goli. Mbele yao Kerry walikuwa na goli 3 na pointi 11. Hesabu kama hiyo humfurahisha kila beki.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa desturi ya Kerry kwamba klabu iliyoshinda mashindano ya jimbo ndiyo inayomtoa nahodha wa timu ya jimbo mwaka unaofuata. Rock Street walishinda mwaka 1928, kwa hiyo mwaka 1929 Barrett alikuwa nahodha. Mwaka huo Kerry waliwashinda Kildare, goli 1 na pointi 8 kwa goli 1 na pointi 5, na Barrett akawa nahodha wa kwanza wa Kerry kupokea Kikombe cha Sam Maguire, kilichoanza kushindaniwa mwaka 1928. Mwaka 1930 zamu ilikuwa ya mtaa mwingine, akawa nahodha yule yule Sheehy. Lakini Rock Street walishinda tena jimboni mwaka 1930, na kwa hiyo unahodha wa mwaka 1931 ulikuwa mali ya klabu ya Barrett.

Hakuutaka. Alimpa Con Brosnan.

Fikirini mtaa ule. Klabu ya Rock Street ilikuwa ngome ya watu waliokataa mkataba, hata baadaye ikaitwa kwa jina la Austin Stack, aliyekufa mwaka 1929. Katika mitaa ya Tralee walikuwamo kina mama na ndugu wa watu waliouawa na jeshi la Serikali. Wakatangaziwa kwamba unahodha ambao ni haki yao atapewa mtu aliyekuwa kapteni wa jeshi lile. Watu wake mwenyewe walimpinga Barrett kwa ukali, naye hakurudi nyuma.

Hapa nitasema habari yangu kidogo, mhariri aniwie radhi. Mwaka jana, tulipokataa kuingia bwaloni kwa sababu ya maharage, vijana wachache wa bweni letu waliingia wakala. Mmoja wao ni mchezaji hodari wa katikati, na nadhani hana wa kumfikia katika Kidato cha Nne. Tangu siku ile yumo timuni lakini hapewi mpira. Mimi ndiye nahodha, na mimi mwenyewe nimepita naye mara nyingi akiwa peke yake nikaupiga mpira upande mwingine. Hiyo ni kwa sababu ya sahani moja ya maharage. Barrett alikuwa ametiwa kizuizini, na wenzake walikuwa makaburini. Nimeisoma habari hii mara tatu, na kila mara naona haya pale pale.

Basi tarehe 27 Septemba 1931 Brosnan aliiongoza Kerry uwanjani Croke Park, na Barrett akasimama mahali pake, mbele ya goli. Timuni walikuwamo waliofungwa na waliofunga, na Paul Russell, aliyekuwa askari polisi wa Serikali mpya. Kildare walipata pointi 8. Kerry walipata goli 1 na pointi 11. Kikombe kilipokelewa na Con Brosnan, na katika vitabu vya ubingwa jina la nahodha wa mwaka 1931 ni lake hata leo.

Rock Street walishinda jimboni tena mwaka 1931, kwa hiyo mwaka uliofuata Barrett akawa nahodha, Kerry wakawashinda Mayo, goli 2 na pointi 7 kwa goli 2 na pointi 4. Ubingwa wa miaka minne mfululizo ulikuwa umewahi kupatikana mara moja tu kabla yao, nao ni wa Wexford, kutoka 1915 hata 1918. Mkihesabu mtaona kwamba Barrett angeweza kuandikwa nahodha wa vikombe vitatu, 1929, 1931 na 1932. Ameandikwa wa viwili.

Alikufa mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Brosnan aliishi mpaka mwaka 1975. Jim, mwana wa Brosnan, alipata medali za ubingwa akiichezea Kerry mwaka 1953 na 1955, na JoJo, mwana wa Barrett, alipata yake mwaka 1962, akiwa amevaa fulana ile ile ya kijani na dhahabu.