John Charnley: Daktari aliyewainua wazee vitandani

MVUA zinapokolea katika miteremko ya Rungwe mkoani Mbeya au Mufindi mkoani Iringa, njia za kwenda mashambani hugeuka utelezi, na mara nyingi anayeanguka ni bibi au babu ambaye mifupa yake imekwisha kupungua nguvu. Nyonga ikivunjika, mguu hufupika na kugeukia nje, na mgonjwa hubebwa hadi barabarani akisubiriwa gari. Zamani ndugu walijua kwamba huyo hatatembea tena. Kilichowaua wazee wengi wa namna hiyo hakikuwa mfupa wenyewe bali kitanda: vidonda vya kulalia, homa ya mapafu na damu iliyoganda katika mishipa ya miguu.

Kwamba leo mzee anaweza kuwekewa nyonga bandia na kusimamishwa siku inayofuata, ni matunda ya kazi ya watu wengi, lakini kuliko wote ni ya Mwingereza mmoja mkali, mwepesi wa hasira na asiyechoka, John Charnley.

Alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la dawa, na mama yake alikuwa amesomea uuguzi. Kijana huyo alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1935. Vita Kuu ya Pili vilimpeleka Misri, ambako alitibu mifupa ya majeruhi na kujifunza mengi katika karakana za jeshi, kwani tangu mwanzo alikuwa nusu daktari, nusu fundi.

Baada ya vita alitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kinavyoshika kikipandikizwa. Alimshawishi daktari mwenzake ampasue mguu wake mwenyewe. Jaribio hilo lilimwachia maambukizi ya mfupa, lakini halikumfundisha kuogopa. Mwaka 1950 alitoa kitabu kuhusu kutibu mivunjiko ya kawaida bila kupasua, kwa kunyoosha mfupa na kufunga plasta, elimu yenye thamani kubwa hasa mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko mbali.

Wazo la kiungo bandia halikuwa lake. Mjini Berlin, mnamo mwaka 1890 na 1891, Themistocles Gluck alikuwa amekwisha kutengeneza viungo vya pembe za ndovu. Ilikuwa miaka ile ile ambayo wapiganaji wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani pale Lugalo, Iringa. Viungo vya Gluck vilishindwa, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa.

Charnley aliingia katika suala hilo kwa sababu ya mlio. Alimwona mgonjwa aliyewekewa nyonga ya plastiki ngumu ambayo ilikuwa ikilia kila alipoinama mezani, kiasi kwamba mke wake hakuweza kuvumilia kukaa naye. Wengine wangecheka. Yeye aliona kwamba plastiki ile inakwaruzana na gegedu, na kwamba msuguano huo ndio unaolegeza kiungo kizima. Akaamua kutafuta kitu kitelezi.

Alichokipata kwanza ni Teflon. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Hospitali ya Wrightington, iliyokuwa zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu, aliweka vikombe vya Teflon katika nyonga za wagonjwa wapatao 300. Waliotambaa kwa maumivu walitembea. Kisha, ndani ya miaka michache, vikombe vikaanza kulika, na unga wake ukazusha uvimbe uliokula mfupa. Ulikuwa msiba wa kitabibu, na ulikuwa wake. Heshima yake kubwa iko hapa: hakuwaficha wagonjwa hao wala kuwasukuma kwa madaktari wengine, bali aliwapasua tena yeye mwenyewe, akiona kila mara madhara ya uamuzi wake.

Wokovu ulitoka kwa fundi wake, Harry Craven. Mwaka 1962 mchuuzi mmoja alileta kipande cha polithini nzito iliyotumika katika mashine za viwanda vya nguo. Charnley alikibonyeza kwa ukucha, akakidharau. Craven, bila kujali dharau hiyo, alikiweka katika mashine ya majaribio bosi wake akiwa safarini. Wiki zilipita, nacho kilikuwa kimelika kidogo mno. Charnley aliporudi alikubali kwamba amekosea. Safari hii hakuharakisha: alijipandikizia paja lake chembe za Teflon na za polithini, akaona Teflon inaleta vinundu na polithini haileti. Novemba 1962 akaanza kuitumia, pamoja na kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22 na saruji ya akriliki aliyoelekezwa na Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya tiba ya meno.

Lilibaki tatizo la vijidudu. Kati ya kila wagonjwa 100, takriban saba walipata usaha. Alijenga chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, akawavisha wasaidizi mavazi yanayovuta nje pumzi zao, na idadi ikashuka chini ya mmoja. Kwa miaka kadhaa alikataa kifaa chake kiuzwe kwa daktari ambaye hajafunzwa Wrightington. Walimwona mwenye kiburi, lakini waliosoma habari za Teflon hawawezi kumlaumu sana.

Alikusudia nyonga yake kwanza kwa wenye kiungo kilicholika. Kwa mzee aliyevunjika, madaktari huchagua: wengine hufungwa vyuma, wengine hubadilishiwa nusu ya kiungo, wengine kiungo chote. Katika Nyanda za Juu Kusini uchaguzi huo umekwenda sambamba na umbali. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba, Iringa ukiwamo, na kwa miaka mingi kubadilishiwa kiungo kulimaanisha kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, safari ya zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya mjini kupitia mlima Kitonga.

Na kisu ni nusu tu ya kazi. Nyonga mpya inaweza kuchomoka mgonjwa akijikunja sana katika wiki za mwanzo, ilhali choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni ni kifupi na mafiga yako chini. Familia inayotengeneza kiti cha choo cha mbao, kuinua kitanda na kumtembeza mzee kwa fremu kila siku inamaliza kazi ambayo daktari aliianza.

Charnley alitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 1974 na kupewa cheo cha Sir mwaka 1977. Alikufa Agosti 5, 1982, akiwa na miaka 70. Alikuwa amewaomba wagonjwa wake waridhie nyonga zao zitolewe baada ya kifo ili apime plastiki imelika kiasi gani, na wengi walikubali.