Askari Aliyejivisha Nishani: Maisha ya Mahjub bin Adam

Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee huwa tunaandika maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki, na kwa desturi huwa ni mtu wa kwetu. Mwaka huu tumetoka nje ya mkoa, na tunajua wapo watakaotuuliza kulikoni. Mahjub bin Adam Mohamed hakuwa Mnyaturu, Mnyiramba wala Mgogo wa Manyoni. Alizaliwa Dar es Salaam na kufia Ujerumani. Sababu ya kumleta hapa ni hii: sehemu ya fedha za mwaka huu itakwenda kuandikisha wazee wetu waliojeruhiwa vitani. Tulipotafuta mfano wa mtu aliyepigana, akaumia, kisha akahangaika miaka mingi atambuliwe, hatukuona aliyeandikwa kwa kina kuliko yeye. Madai ya wazee wetu wengi yaliishia barazani, jioni, wakiota moto. Yake yalibaki kwenye mafaili ya serikali.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wajerumani mwenye cheo cha efendi, ambacho ndicho cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia Mwafrika katika jeshi lile. Kijana alijifunza Kijerumani mapema, na kabla ya vita alikuwa tayari anafanya kazi ya ukarani kiwandani huko Lindi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, baba na mwana waliingia jeshini wote wawili. Mtoto alikuwa na miaka 10. Aliwekwa kwenye mafunzo ya kupeleka ishara, kazi ambayo isikieni tu hivi, lakini mpeleka ishara husimama mahali anapoonekana, na anayeonekana ndiye anayelengwa.

Vita ile wazee wetu waliijua kwa sura nyingine. Majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wananchi, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Wapagazi ndio waliokufa kwa wingi, kwa kuhara, kwa njaa na kwa uchovu, kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo, ambako nusu yetu tunakwenda kununua bidhaa za dukani, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Upande wa Manyoni na Ugogo wote, ghala zilipokwisha kukombwa na mvua ikakataa, ikaja njaa ile ambayo wazee waliiita Mtunya. Kwa hiyo tunapomzungumzia askari wa Wajerumani hatusahau ni jeshi gani alilolitumikia.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Sisi ni watu wa Liti. Bibi yule wa Unyaturu aliwasumbua Wajerumani kabla ya vita hiyo, na simulizi za kwetu zinasema nyuki walikuwa silaha yake. Leo uwanja wetu wa mpira, tuliokua tukiuita Namfua, unaitwa kwa jina lake. Waliotumwa kumkabili hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwamo askari Waafrika, wa jeshi lile lile la efendi Adam Mohamed. Katika kamati yetu suala hili lilibishaniwa kikao kizima. Mwisho tuliafikiana kwamba mtoto wa miaka 10 hakuchagua vita, na kwamba kuandika maisha ya mtu si kumvika taji. Asiyekubaliana nasi tunamwelewa.

Mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wamesukumwa hadi kusini ya nchi, chini ya kamanda wao Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya Oktoba mwaka huo, kuanzia tarehe 15 hadi 18, yalitokea mapigano ya Mahiwa, ndani ya Lindi. Katika eneo zima la Afrika Mashariki ni siku chache za vita ile zilizomwaga damu kama hizo. Upande wa Waingereza peke yao, waliokufa na kujeruhiwa walizidi 2,000, na wengi wao walikuwa Waafrika: Wanigeria na askari wa keya. Yaani Waafrika waliuana kwa siku nne kuamua ni Mzungu yupi atatawala korosho na katani za Lindi. Hapo ndipo Mahjub alipojeruhiwa na kukamatwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Baba yake naye hakurudi kutoka katika vita hiyo.

Baada ya vita alijitafutia riziki kama kijana yeyote asiye na baba. Akawa boi kwa mabwana mbalimbali, halafu akaingia melini, akihudumia abiria kwenye meli za Kijerumani zilizopita pwani yetu. Katika miaka hiyo ya 1920 serikali ya Ujerumani ilileta fedha Tanganyika kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao. Wenye bahati walipanga foleni wakalipwa. Mahjub alikuwa baharini.

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda mpaka Berlin, mlangoni kwa wizara ya mambo ya nje. Alidai vitu viwili: mshahara wake wa vita, na mshahara wa marehemu baba yake. Tunaomba msomaji alipime jambo hilo. Kijana wa miaka 25, mtu mweusi katika mji mkuu wa watu weupe, anakwenda kwa miguu yake kumdai mwajiri aliyeshindwa vita na kunyang'anywa makoloni. Jibu lake lilikuwa lile ambalo wengi wetu tuliowahi kufuatilia mafao ya wazazi tunalijua hata bila kusomewa: muda wa kudai umekwisha.

Hakurudi. Alibaki Berlin akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alipata kazi ya kuhudumia wateja katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, na kuanzia 1931 alikuwa pia msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni, chini ya Profesa Diedrich Westermann. Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku chache tu baadaye Hitler alishika madaraka. Pasi yake ya Kijerumani ikachukuliwa, akapewa ya mgeni, katika nchi ambayo alikuwa ameipigania hadi kumwaga damu.

Sasa tunafika kwenye nishani. Mwaka 1934, kutimiza miaka 20 tangu vita ianze, Ujerumani ilianzisha msalaba wa heshima kwa waliopigana vita ile. Hakukuwa na siri wala uchaguzi mkubwa. Aliyepigana alijaza maombi, akapewa, na mamilioni walipewa. Mahjub naye akaomba. Alikuwa na kila sifa: alitumikia tangu mwanzo wa vita, alikuwa mstari wa mbele, ana jeraha la Mahiwa, amewahi kuwa mateka. Akakataliwa. Karani wa Kijerumani aliyekaa ofisini kwenye kambi moja hatari kidogo tu na mstari wa mbele angeweza kuipata, lakini si huyu.

Basi akaivaa bila kupewa. Zipo picha zake akiwa amevaa sare ya askari, nishani kifuani. Hakuna ofisa aliyemvisha, alijivisha mwenyewe. Wapo watakaosema huo ni udanganyifu. Sisi tuliotazama picha hizo tumeona mtu aliyechoka kusubiri foleni.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba waliomnyima nishani hawakuona haya kuitumia sura yake. Wajerumani waliotaka warudishiwe makoloni walipenda sana hadithi ya askari mwaminifu wa Afrika Mashariki, anayewangoja mabwana zake warudi. Mahjub alialikwa kwenye mikutano yao akiwa na sare, akabeba bendera yao. Alizungushwa nchini na maonyesho ya Waafrika. Na aliingia katika filamu zaidi ya 20, karibu zote akiwa mtumishi, mpagazi au mtu wa kupita nyuma ya nyota mzungu. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1941, juu ya Carl Peters, yule yule ambaye huku kwetu aliachiwa jina la Mkono wa Damu. Humo Mahjub aliigiza kama mkalimani wake. Alikuwa anahitaji fedha. Kazi yake ya Haus Vaterland ilikwisha mwaka 1935, baada ya wenzake kazini kulalamika kufanya kazi na mtu mweusi. Hatumtetei kwa kila alichofanya. Lakini mwenye watoto wadogo wa kulisha chini ya serikali ile alikuwa na milango michache sana.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 aliomba tena kuvaa sare, ile ya kweli. Alikataliwa kwa mara nyingine. Hapa kamati yetu iligawanyika tena. Wengine wanaona alikuwa amepotoka, kutaka kuwapigania watu wa Hitler. Wengine, na mwandishi wa sehemu hii ni mmoja wao, wanaona alikuwa anafuata deni lile lile la mwaka 1917 kwa njia pekee aliyoijua: pengine wakiniona jeshini tena watakubali kwamba nilikuwamo hata mwanzo.

Mwaka 1941 alikamatwa na polisi wa siri kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo kwa mtu mweusi lilikuwa kosa la kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Kesho yake ilitimia miaka 26 tangu Lettow-Vorbeck asalimu amri kule Mbala, kusini ya Ziwa Tanganyika.

Miaka 20 hivi baada ya kifo chake, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu malipo hayo, kilichotokea jirani yetu, Mwanza. Wanasema walijitokeza wazee karibu 350, na wachache sana ndio waliokuwa na karatasi. Ofisa wa fedha alikwama. Mwisho akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee, wengine wakiwa wameinama kwa umri, walibeba fagio begani na kugeuka kama walivyofundishwa nusu karne nyuma, na hakuna aliyekosea. Kila tunapokisimulia kisa hiki watu hucheka. Lakini mzee aliyepigwa risasi ya mguu, hawezi hata kusimama wima, angeshikaje fagio? Na aliyekufa akidai, kama Mahjub, mjane wake angegeukaje gwaride?

Mahjub mwenyewe alitambuliwa mwaka 2007. Mtaani Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa, ilipachikwa sahani ndogo ya shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu, yenye jina lake. Mwaka huo huo mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu kizima juu yake. Wanatambua kwamba aliuawa na dola ile. Mshahara wa Mahiwa, mpaka leo, haujalipwa na mtu.

Tukirudi nyumbani. Katika vijiji vyetu vya Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Singida Vijijini kuna nyumba zenye sanduku la bati ambalo ndani yake mna cheti cha keya cha babu aliyekwenda Abisinia au Bama. Panya na mchwa wanakifanyia kazi. Wazee wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bado tunao, lakini tunawazika mmoja mmoja, na baadhi yao wana vyuma mwilini ambavyo watoto wao wamezoea kuvisikia tu kwenye maongezi. Wapo waliotambuliwa na kulipwa stahiki zao. Wapo ambao karatasi zilipotea nyumba ilipoungua au walipohama, wakaacha kufuatilia.

Kazi tunayoichangia haitoi nishani wala pensheni. Hayo si mamlaka yetu. Tunachoweza ni kuandika. Fedha zitanunua kamera mbili, daftari za kudumu na nauli za vijana watakaozunguka kata kwa kata wakiandika jina la mzee, kikosi, mahali alipoumia, mwaka, na majina ya wenzake wawili wanaoweza kumshuhudia. Vyeti vitapigwa picha na kurudishwa kwa wenyewe siku hiyo hiyo. Nakala moja itabaki kwa familia, nyingine kwenye maktaba tunayoijenga.

Fomu ziko kwa makatibu wa matawi, na wanaoishi mbali wanaweza kumjazia mzazi wao kwa simu. Mzee akikataa kuhojiwa, aachwe. Mjane anayekumbuka habari za mumewe ahesabiwe sawa na mwenye cheti. Tunaanza na waliozidi miaka 70, na tungependa kata tatu za kwanza ziwe zimekamilika kabla ya mvua za Novemba, maana baada ya hapo barabara za huko tunazijua.