Jacotot: Mwalimu wa Kifaransa aliyekataa kufafanua

Kama umewahi kufungua kitabu cha Kifaransa ukakutana na neno beaucoup, unajua vile kichwa huanza kuuma. Herufi nane, sauti nne tu: boku. Maana yake ni "nyingi" au "sana", na hizo herufi zingine zimekaa hapo kama abiria waliodandia matatu bila kulipa. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili, lugha inayosomwa jinsi ilivyoandikwa, tunaona huu ni uonevu.

Kwa hivyo wengi tunafikiri hivi: bila mwalimu wa kukaa mbele na kufafanua kila kitu, na bila ada ya kumlipa huyo mwalimu, Kifaransa sahau. Kabla hujasahau, hebu nikujulishe jamaa mmoja aliyekufa mwaka wa 1840.

Anaitwa Joseph Jacotot. Alizaliwa Dijon, mashariki mwa Ufaransa, tarehe 4 Machi 1770. Huyu hakuwa mtu wa kazi moja. Akiwa na miaka 19 tayari alikuwa mwalimu, huku akijiandaa kuwa wakili. Mapinduzi ya Ufaransa yakalipuka, na kufikia 1792 alikuwa kapteni katika kikosi cha mizinga. Akafanya kazi kwenye ofisi ya baruti, akawa katibu katika wizara ya vita, akawa naibu mkurugenzi wa École polytechnique, kisha akarudi kwao kufundisha hesabu, lugha za kale na sheria. Usiniulize alilala saa ngapi.

Halafu siasa zikamgeuka. Mwaka wa 1815 Napoleon alirejea madarakani kwa zile siku zake mia moja, na Jacotot akachaguliwa kuwa mbunge. Napoleon akaanguka, wafalme wakarudi, na wabunge wa aina yake wakawa hawatakiwi nyumbani. Akakimbilia kaskazini, katika ufalme wa Uholanzi, ambao wakati huo ulikuwa umeshika pia Ubelgiji ya leo. Mfalme Willem wa Kwanza akamwonea huruma akampa kazi ya kufundisha Kifaransa katika chuo kipya mjini Leuven, kwa nusu mshahara. Ilikuwa 1818, na mzee ana miaka 48.

Sasa sikia shida yenyewe. Wanafunzi wengi waliokuja kwake walizungumza Kiholanzi cha Flanders na Kifaransa hawakujua. Yeye Kiholanzi hakujua hata neno. Mwalimu na darasa wanaangaliana tu. Atafafanua nini, na kwa lugha gani?

Wakati huo kule Brussels kulikuwa kumechapishwa toleo la lugha mbili la kitabu Télémaque, Kifaransa upande mmoja na Kiholanzi upande wa pili. Fénelon alikiandika kwa ajili ya mjukuu wa Mfalme Louis wa 14, na kilichapishwa mwaka wa 1699. Ni hadithi ya kijana anayezunguka baharini akimtafuta babake Ulysses, akiongozwa na mzee anayeitwa Mentor. Ndiyo, hilo jina mentor linalotajwa siku hizi kwenye kila kongamano la vijana lilipata umaarufu kwa sababu ya kitabu hiki.

Jacotot akawaambia wanafunzi kupitia mkalimani: shikeni hiki kitabu, someni Kifaransa mkilinganisha na tafsiri, mkariri. Walipofika nusu ya sura ya kwanza akawaagiza warudie rudie walichokariri, na sehemu iliyobaki waisome tu mpaka waweze kuisimulia. Hakuwapa kanuni za sarufi wala jedwali la vitenzi. Baadaye akawataka waandike kwa Kifaransa maoni yao kuhusu walichosoma.

Alitarajia matokeo mabaya. Kumbe waliandika vizuri, sentensi zimesimama. Yaani watu ambao hakuna aliyewafafanulia tahajia wala mnyambuliko wa kitenzi walikuwa wamegundua mambo hayo wenyewe, kwa kulinganisha neno na neno.

Tuchukue mfano ujionee walivyofanya kazi. Parle, parles, parlent: naongea, unaongea, wanaongea. Zote tatu hutamkwa sawasawa, parl. Sikio pekee haliwezi kukuambia tofauti, lazima jicho liione kwenye ukurasa. Ukikuta -ent baada ya "wao" mara thelathini, hauhitaji mtu aje kukuambia kwamba hiyo ni alama ya wingi na haitamkwi. Au poisson na poison. Ya kwanza ina s mbili na ni samaki. Ya pili ina s moja, inatamkwa z, na ni sumu. Ukishaona tofauti hiyo mwenyewe, hautaagiza sumu ya kukaanga hotelini.

Na wanafunzi wa Leuven walikuwa na mzigo ambao wewe hauna. Enzi hizo vitabu vingi bado viliandika oi mahali ambapo watu walishazoea kutamka e. Neno la "ilikuwa" lilionekana étoit kwenye karatasi. Akademia ya Kifaransa ilikubali ai katika kamusi yake ya 1835, ndipo ikawa était kama unavyoliona leo. Kwa hivyo ukilalamika kwamba tahajia ya Kifaransa ni ngumu, jua imeshapunguzwa makali.

Hapa lakini nina neno na wanaomsifu Jacotot kupita kiasi. Wanapenda kusema alifundisha asichokijua. Kiholanzi ndicho hakukijua. Kifaransa kilikuwa lugha ya mamake. Alipoingia darasani, mdomo wa Mfaransa uliingia naye, na wanafunzi wakasikia. Maandishi yanaweza kukufundisha kwamba tu ni "wewe" na tout ni "yote", lakini hayatakuonyesha sauti. Hiyo tout ndiyo inayosikika kama "tu" yetu, maana t ya mwisho inanyamaza. Ile tu ya Kifaransa ni kitu kingine: sema "i", kisha bila kusogeza ulimi, kunja midomo kama unapiga mluzi. Hilo linahitaji sikio. Ila wewe una simu, na ndani ya simu kuna redio za Kifaransa mchana na usiku.

Baada ya yale matokeo, Jacotot hakutulia. Kama wanafunzi walijifunza bila kufafanuliwa, basi kufafanua kuna kazi gani? Akafikia jibu ambalo liliudhi watu wengi: kwamba akili za binadamu ni sawa, na mwalimu anayefafanua kila kitu anamfundisha mwanafunzi jambo moja la ziada, kwamba hawezi kuelewa peke yake. Mimi niliyeachia chuo njiani naweza kukuambia hilo somo la ziada hufundishwa vizuri sana hata siku hizi.

Ili kuthibitisha, akaanza kufundisha uchoraji na piano, vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuvijua. Watu wakajaa darasani. Mwaka wa 1823 akaanza kuchapisha vitabu vya mbinu yake, aliyoiita elimu ya watu wote. Alishikilia kwamba hata mzazi maskini asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto wake kusoma. Atamtafutia Sala ya Bwana iliyoandikwa, maana mtoto ameshaikariri kwa kichwa, kisha amwulize kila mara: hili neno liko wapi, na umelionaje mara ya kwanza? Mzazi hajui jibu. Lakini anaweza kuona kama mtoto anatafuta kweli au anabahatisha.

Mbinu hii sisi tunaiweza bila hata kutafuta Télémaque. Biblia ya Kiswahili na Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond zina mistari yenye namba, na programu za simu huziweka zote mbili bure. Zaburi fupi moja, mstari kwa mstari, tayari una toleo lako la lugha mbili. Lakini usiishie kwenye maandiko, kwa sababu bei ya nyanya hautaikuta humo. Na ukivuka mpaka kwenda Congo au Burundi utakuta jambo litakalokufurahisha: 70 kwao ni septante na 90 ni nonante, kama kule Ubelgiji. Mfaransa wa Paris yeye husema sitini na kumi, soixante-dix, na 90 kwake ni ishirini nne na kumi. Wabelgiji waliacha mambo mengi mabaya sana Afrika, lakini kwa kuhesabu walitupunguzia kazi.

Jacotot alirudi Ufaransa baada ya mapinduzi ya 1830 kumwondoa Mfalme Charles wa 10. Magazeti yalibishana juu yake, wengine wakimwona mkombozi, wengine wakimwona kichaa. Waungwana waliompenda walitaka serikali ichukue mbinu yake iipeleke kwenye shule zote. Yeye akakataa. Aliona kwamba serikali yoyote ikiichukua itageuka kuwa silabasi nyingine yenye wafafanuzi wake, na kwamba jambo hili hupita kutoka mtu kwa mtu tu. Hapo nafikiri alikuwa mkaidi, maana mtoto asiye na mtu kama huyo karibu yake atafanyaje? Ila naelewa alichokuwa anaogopa.

Alifariki Paris tarehe 30 Julai 1840, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Wafuasi wake wakaandika juu ya kaburi imani yake, kwamba Mungu aliumba roho ya binadamu ikiwa na uwezo wa kujifunza bila bwana. Miezi michache baadaye kuna watu walienda wakayachafua maandishi hayo. Jina lake likasahaulika polepole hadi 1987, mwanafalsafa Jacques Rancière alipochapisha kitabu kuhusu yule mwalimu asiyejua. Kimeandikwa kwa Kifaransa, kama unatafuta pa kuanzia.