Lindeman: Kijana Aliyepima Nguvu za Jua Ziwani

Aghalabu tunapowataja mabingwa wa sayansi, fikira zetu huwaendea wazee wenye mvi na maabara makubwa. Raymond Lindeman hakuwa na mvi. Alifariki dunia mwaka wa 1942 kabla ya kutimiza umri wa miaka 27, na utafiti wake ulifanyika katika ziwa dogo lenye kina cha mita moja hivi. Hata hivyo, kila mwanafunzi anayechora piramidi ya nishati katika somo la biolojia hufuata nyayo zake, ajue asijue.

Lindeman alizaliwa mwaka wa 1915 katika familia ya wakulima jimboni Minnesota, Marekani. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliteua ziwa la Cedar Bog, lililo kaskazini mwa Minneapolis, akalichunguza kwa miaka mitano. Mkewe, Eleanor, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Walichota maji na tope, wakapambanua mimea na vidudu, majira baada ya majira.

Wataalamu wengi wa zama hizo waliridhika kuorodhesha viumbe na kueleza nani anamla nani. Mwaka wa 1935 Mwingereza Arthur Tansley alikuwa ametoa wazo la mfumo wa ikolojia, yaani viumbe pamoja na maji, udongo na hewa vikitegemeana kama kitu kimoja. Lindeman aliuliza swali gumu zaidi: nguvu zinazoendesha maisha hayo yote zatoka wapi, na zaishia wapi?

Jibu alilitoa kwa tarakimu. Kati ya nishati yote ya jua iliyoliangukia ziwa lile, mimea ilinasa takriban sehemu 1 tu katika kila 1,000. Wanyama walao mimea walipata kama asilimia 13 ya ile iliyonaswa na mimea, nao walao wanyama wenzao wakapata asilimia 22 hivi ya ile iliyowafikia walao mimea. Iliyosalia ilitumika katika kupumua na kupotea kama joto, au ilibaki katika mizoga na majani makavu, chakula cha bakteria. Madini hurejea udongoni yakatumika tena, bali nishati hairudi. Hupita njia moja, na katika kila kituo hupungua. Ndiyo sababu nyasi ni nyingi kuliko swara, na swara ni wengi kuliko simba. Mfugaji anayejua kwamba ng'ombe wachache wahitaji malisho mapana ameielewa kanuni hii bila kuisoma popote.

Mwaka wa 1941 Lindeman alihamia Chuo Kikuu cha Yale, chini ya uangalizi wa G. Evelyn Hutchinson, akapeleka makala yake kwa jarida la Ecology. Magwiji wawili wa sayansi ya maziwa walioombwa kuikagua waliikataa. Waliona ina nadharia nyingi mno, na kwamba ushahidi wa ziwa moja hautoshi. Hutchinson alimtetea kijana wake, na mhariri, Thomas Park, akaamua kuichapisha. Wakati huo maradhi ya ini yalikuwa yamekwisha kumwelemea Lindeman. Alifariki mwezi wa Juni 1942, na makala hiyo ikatoka Oktoba mwaka huo huo. Hakuiona.

Tuwe waadilifu kwa wakaguzi wale. Ziwa moja si maziwa yote, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba viwango hivyo hutofautiana mahali na mahali. Lakini lau mhariri angewasikiliza, dunia ingesubiri kazi ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Ni vijana wangapi katika vyuo vyetu huambiwa wangoje, eti hawajakomaa?

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Tunajivunia simba na tai wetu, huku tukiona kinamasi na majani yake kuwa ardhi ya bure inayongoja kujazwa kifusi. Hesabu ya Lindeman yatuonya kwamba palipo na upungufu chini, huko juu huwa na njaa. Anayetaka kumhifadhi simba na aanze na nyasi. Na anayetaka wataalamu wa kesho na amsikilize mwanafunzi wa leo angali hai.