Wangila: Bondia wa Dhahabu Aliyemkasirikia Refa kwa Mara ya Mwisho

Kama wewe ni wa Salgaa, hii unaijua. Dereva wa trela anashuka mteremko akiamini breki ziko fiti, kumbe zilishaisha. Shika hiyo picha, tutairudia.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa Robert Napunyi Wangila akitamba. Huyu msee alizaliwa Nairobi 1967, na 1988 akaenda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, na timu ya Kenya.

Manze, ngumi za Seoul zilikuwa noma. Mkorea Byun Jung-il alipopoteza pambano, watu wa kambi yake walivamia ulingo wakamrukia refa, naye akagoma kutoka, akakaa humo dakika 67. Siku ya mwisho, Roy Jones wa Marekani alimchapa Park Si-hun kila mtu akiona, lakini majaji watatu kwa wawili wakampa Mkorea dhahabu. Mpaka leo hiyo stori inauma watu.

Wangila hakuwaachia majaji kazi. Fainali ya uzani wa welta alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, pointi za nini tena? Na Boudouani hakuwa mtu wa mchezo, maana baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Kenya ilirudi na dhahabu 5: nne za wakimbiaji, moja ya Wangila. Hadi sasa hakuna bondia mwingine Mkenya mwenye dhahabu ya Olimpiki.

Baada ya hapo akahamia ngumi za kulipwa Marekani kusaka doo na mkanda wa dunia. Alishinda nyingi, akapoteza kadhaa, lakini mkanda haukuja.

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni na David Gonzales. Raundi ya 9 refa Joe Cortez akaona jamaa anakula ngumi sana, akasimamisha pambano. Wangila akawaka. Alilalamika kwamba bado ana nguvu, kwamba ameonewa.

Na wewe usimcheke. Mtu aliyetoka Seoul, aliyeona wenzake wakiibiwa mchana kweupe, angejuaje kwamba refa wa leo ndiye yuko sawa?

Hapo ndipo ile trela yetu inaingia. Mdomo ulisema twende, lakini ndani ya kichwa damu ilikuwa inavuja. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akazimika. Madaktari walimpasua kujaribu kumwokoa, wapi. Siku mbili baadaye, tarehe 24, alifariki akiwa na miaka 26 tu.

Kwa hivyo ukimtusi refa wikendi hii kwa kukatiza pambano mapema, mkumbuke Napunyi. Kuna marefa wezi, ndio. Lakini kuna wengine wanaona breki zimeisha kabla dereva hajajua.

Ungekuwa wewe na hiyo filimbi ya mwisho mkononi, ungesimamisha raundi ya ngapi?